Geuza Bangili Kabla ya Kulipa: Namna ya Kuitambua Kazi Njema ya Fedha

Ubaruku, katika bonde la Usangu, hakuna anayenunua mchele kwa macho. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, humwaga punje kiganjani, hutia moja menoni kusikia kama imekauka, ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza. Watu hao hao, mpunga ukishauzwa, hupanda basi kwenda Mbeya mjini au Dar es Salaam, wakasimama mbele ya kabati la kioo la sonara na kununua bangili kwa sababu imewaka vizuri chini ya taa. Nawaandikia wao. Jicho linalojua mchele linaweza kujua fedha, likipewa mahali pa kuchomea bambo.

Kung'aa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote mezani kwa sonara. Mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki, usio na hata chembe ya fedha, siku ya kwanza unaweza kung'aa kama fedha yenyewe. Kwa hiyo anza kwa kukigeuza kitu. Tazama mgongo wa kidani, tumbo la pete, upande wa bangili unaolala kwenye ngozi. Fundi anayejiheshimu hupitisha msasa hata pale ambapo mteja hatazami. Ukikuta huko nyuma mikwaruzo ya tupa, vidonge vya lehemu na kingo kali, usiulize tena habari za mbele.

Fedha tupu ni laini mno kwa kitu cha kila siku. Pete yake hupinda na nakshi zake hufutika. Ndiyo maana huchanganywa na shaba kidogo, na kipimo kilichozoeleka duniani ni 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Namba hiyo utaikuta imegongwa ndani ya pete nyingi. Iangalie, lakini usiitegemee peke yake. Kule Uingereza, tangu mwaka 1300 sheria ilitaka wakuu wa chama cha masonara waipime fedha kwanza, kisha ndipo igongwe alama ya kichwa cha chui. Lakini namba ya dukani mara nyingi hugongwa na mtengenezaji mwenyewe, na chuma cha kugongea huuzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Afadhali ujue fedha imetoka wapi. Mapambo mengi ya kale ya pwani yalikuwa sarafu kabla ya kuwa mapambo. Riale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa 1780 hata ikiwa imegongwa miaka mingi baadaye, ina gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika 1,000. Masonara wa Zanzibar, Lamu na Omani waliyeyusha riale hizo kwa vizazi. Rupia, ya Kihindi na ya Mjerumani, ina gramu 11.66 na fedha sehemu 917. Uzito huo ndio tola moja, kipimo cha masonara wenye asili ya Kihindi. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki iliyogongwa kati ya 1921 na 1946, ile yenye simba na milima, robo yake tu ndiyo fedha. Ukirithi pambo lililofuliwa kwa shilingi hizo, limebeba kumbukumbu kubwa, na lihifadhi kwa ajili hiyo. Mizani ya sonara italiona kuwa shaba iliyochanganywa na fedha.

Huku nyanda za juu kuna chanzo kingine. Dhahabu ya Chunya, kama dhahabu karibu yote itokayo ardhini, huja na fedha ndani yake. Anayeisafisha huiongezea fedha zaidi ili asidi ya naitriki ipate kupenya. Fedha huyeyuka ndani ya asidi, dhahabu hubaki chini. Kisha akitia maji ya chumvi katika ile asidi, fedha hushuka ikiwa unga mweupe, akauosha na kuugeuza tena kuwa fedha kabla ya kuuyeyusha kuwa kipande. Fedha ya namna hiyo, ikioshwa kwa uangalifu, ni safi sana. Muulize fundi: hii umeipata wapi? Anayejua kazi yake atakujibu bila kuzunguka, kama ni punje za kununua, za kusafishia dhahabu, au vipande vya wateja.

Sumaku ambayo wengi huibeba mfukoni haikusaidii sana. Itakamata chuma, lakini shaba na ule mchanganyiko mweupe vitapita. Kipimo ninachokipenda ni cha maji, na sonara yeyote mwenye mizani ya umeme anaweza kukifanya mbele yako. Pima bangili, tuseme ni gramu 52. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha izamishe bangili kwa uzi bila kugusa chini. Mizani itaonyesha namba ndogo. Ikiwa ni 5, gawanya 52 kwa 5 upate 10.4, na hapo ndipo fedha ya 925 inapokaa. Ikikaribia 6 au kuzidi, umeshika shaba iliyovishwa koti. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye jiwe au chenye uwazi ndani. Kwa furungu na bangili nene za mviringo, sikiliza sauti: zigonge taratibu kwa ukucha. Zilizojazwa risasi au utomvu mgumu hutoa sauti butu iliyokatika, nawe usikubali kulipia ujazo huo kwa bei ya fedha.

Hapa lazima niitetee fedha mbele ya wanawake wa Ubaruku, kwa sababu imeonewa. Bangili hutoka mjini ikiwa nyeupe, mwenyewe akaingia nayo jarubani kung'oa magugu, na baada ya siku chache imekuwa nyeusi. Husemwa kwamba sonara ametapeli. Tope la jaruba lililokaa chini ya maji hutoa salfa, harufu ile ya yai bovu, na salfa ndiyo inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Weusi huo hukaa juu juu na hutoka kwa kitambaa na unga laini wa chokaa. Jambo la kutia shaka ni ukijani: ngozi ikipata alama ya kijani, au kijani kikijikusanya kwenye mikunjo ya nakshi, shaba imezidi. Na bangili inayoendelea kuwa nyeusi huku rangi nyekundu ikichungulia kwenye kingo ilipakwa tu, na koti limeanza kulika.

Sasa maungio. Hapa ndipo ningetumia muda wote dukani kama ningepewa dakika tano tu. Kazi ya fedha huhukumiwa pale kitu kinapokutana na kitu: waya na bamba, pete na pete katika mkufu, bawaba na msumari wake, jiwe na kikombe chake. Kiungo chema hukioni. Unaona vitu viwili vilivyoshikana, na mstari kati yao ni rangi ile ile. Lehemu ya fedha hutaka moto wa nyuzi zaidi ya 600, karibu na joto ambalo kitu chenyewe kingeanza kuyeyuka, kwa hiyo inamtaka fundi awe na mkono na jicho. Lehemu ya risasi na bati huyeyuka chini ya nyuzi 200, ndiyo maana mvivu huipenda. Utaitambua kwa rangi ya kijivu iliyofifia na kwa ulaini wake ukiigusa kwa ncha ya sindano. Ikatae kabisa. Siku pambo litakaporudi motoni kukarabatiwa, risasi itakula fedha na kuacha mashimo, na hakuna fundi atakayeweza kulirudisha lilivyokuwa.

Mkufu uvute polepole juu ya ukingo wa khanga. Ukinasa uzi hata mara moja, kuna pete haijafungwa au haijasafishwa. Bangili yenye bawaba ifungue nusu na uitikise kando: ikicheza kushoto na kulia leo, itaachia wakati wa kupepeta. Bana ya kufungia iingie kwa mlio mmoja mfupi, isihitaji kulazimishwa. Kwenye nakshi za waya, angalia kama waya ni wa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Uliovutwa vizuri katika chamburo, lile bamba la matundu, ukapashwa moto kati ya tundu na tundu ili usivunjike, hautakuwa na mistari ya mikwaruzo wala sehemu nyembamba. Nakshi zilizochongwa kwa mkono zina ukali katika kina chake, na ua moja halifanani kabisa na jirani yake. Zilizomiminwa kwenye kalibu kutoka kwenye kitu cha mtu mwingine zina kingo za mviringo na vitundu vidogo. Kumimina si dhambi. Kuuza kilichomiminwa kwa bei ya kilichochongwa ndiyo dhambi.

Kuna kiungo kingine ambacho mizani haikipimi. Mezani kwa sonara wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, au wa Mtaa wa Indira Gandhi huko Dar es Salaam, desturi nyingi hukutana. Mzee ameleta ala ya jambia la Kiomani lililokatika kitanzi. Kijana Mwislamu asiyevaa dhahabu anataka pete ya fedha yenye akiki. Bibi harusi ana picha ya majasi ya nyanyake. Mwingine anataka hereni za Kimaasai, zile zenye visahani vinavyoning'inia. Anakuja mgeni na tanzanaiti yake, jiwe la Mererani lililogunduliwa 1967. Fundi wa mji mkubwa hulipwa zaidi na mkutano huu wa desturi kuliko anavyolipwa na duka, na ubora wake huonekana katika jinsi anavyoazima kutoka kwenye desturi hizo.

Chukua hizo hereni za Kimaasai. Uzuri wake ni mwendo: mvaaji akitembea, visahani huchezacheza na kutoa mwanga. Nimeona zimenakiliwa kwa fedha nzuri kabisa huku visahani vimelehemiwa kwenye bamba, vimetulia kimya. Fundi huyo aliuchukua mchoro na kuliacha jambo lenyewe. Na hiyo tanzanaiti si ngumu kama yakuti na haipendi joto la ghafla. Fundi anayejua hulehemu kila kitu kwanza na jiwe huliweka mwisho, tena ndani ya ukingo unaolizunguka pande zote. Akikuambia atalehemu kidogo pembeni jiwe likiwa mahali pake, lichukue jiwe lako.

Na wewe unayetoka Usangu ni sehemu ya mkutano huo, ingawa wengi wetu tukifika mjini tunanyamaza na kuonyesha kidole kabatini. Mwambie fundi unapoishi na mikono yako inafanya nini. Mjini hajui kwamba pete yenye kucha ndefu za kushikia jiwe itanasa mabua ya mpunga, au kwamba bangili nyembamba huteleza na kupotea topeni. Mweleze, kisha msikilize. Sonara mzuri atapunguza kimo cha jiwe, ataongeza unene wa ukingo, atakuuliza unavua lini na kuhifadhi wapi. Rujewa jirani, Wabaluchi wametia mizizi tangu wakati wa ukoloni na kulima mpunga kwa mifereji. Wasangu, Wasukuma, Wabena na Wamaasai wanakutana gulioni. Pambo la Ubaruku linaweza kufuliwa kutokana na mchanganyiko huo, lakini halitafuliwa kama hakuna anayeliagiza.

Bei igawanywe sehemu mbili kabla ya kutoa hela: fedha kwa gramu, kisha ufundi. Atakayekutajia jumla moja tu amekufungia gunia. Usibishane sana juu ya ufundi ikiwa maungio yamefaulu. Mkufu wa kusukwa kwa mkono humla fundi siku nzima. Bishana juu ya uzito.

Ukipeleka bangili za zamani ziyeyushwe, kaa hapo hapo. Zipimwe kwanza, jiwe na msumari wa chuma vikiwa vimeondolewa, na namba iandikwe. Zikishatoka kwenye kalibu zikiwa kipande kimoja, kipande kipimwe tena. Uzito utapungua kidogo kwa uchafu na lehemu. Ukipungua sana, mwambie akueleze wakati moto bado unawaka, wala usikubali kurudi kesho. Vumbi la tupa nalo ni fedha yako: angalia kama ametandaza ngozi au kitambaa chini ya meza kulikusanyia, na mkubaliane mapema kama litarudi kwako au litakatwa katika gharama ya kazi.