Siti binti Saad na swali la kuhesabiwa mtu

Kila ninapokirudia kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, kinachonijia kichwani kwanza si zile sifa alizopambwa nazo Siti. Ni ule wimbo wa kejeli aliotungiwa. Wapenzi wa taarabu mnaujua: unamuuliza tangu lini naye kawa mtu, ilhali katoka shamba na kaniki zake, halafu kama si sauti angekula nini.

Wengi wanauchukulia kama mipasho tu. Mimi naona mtunzi wake, kwa ubaya wake wote, kagusa penyewe. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, akapewa jina la Mtumwa, jamani, jina kabisa! Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikuweza kuwalazimisha majirani wamhesabu kuwa mtu.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Axel Honneth, ameligawa jambo hili la kutambuliwa katika mafungu matatu: kupendwa na walio karibu nawe, kuwa na haki sawa na wengine, na kuthaminiwa kwa mchango wako. Siti aliipata hiyo ya tatu kwa kishindo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na jina la Mtumwa likazikwa. Ila ya tatu haizai ya pili. Anayethaminiwa kwa sauti yake anathaminiwa kwa sharti, na wale wa Fumba wasio na sauti je?

Hapo ndipo namkubali Nancy Fraser, Mmarekani aliyebishana na Honneth katika kitabu walichokitoa pamoja mwaka 2003. Yeye anasema heshima bila mgawanyo wa mali haitoshi. Na ule wimbo, hebu usikilizeni tena, unauliza yote mawili: utu na chakula. Siti katika jibu lake alijibu la kwanza tu, kwamba si sura wala nasaba, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu zuri, lakini la pili likabaki.

Alilikaribia zaidi katika "Kijiti", wimbo wa mwanamke aliyeuawa, ambapo walioshitaki ndio waliofungwa huku muuaji akitorokea bara. Humo hajisemei yeye. Anawasemea wanawake ambao mahakama haikuwaona.

Shaaban Robert anampenda Siti kwa tabia njema, subira na ukarimu, na ninamheshimu kwa kumwandikia wasifu mwanamke wa aina ile. Lakini tabia njema nayo ni sharti jingine. Kabla ya umaarufu Siti aliuza vyungu, akitembea navyo hadi mjini. Kurasa ambazo mimi ningezisoma mara mbili ni za wale wafinyanzi wenzake, na bei waliyokuwa wakipewa kwa chungu kimoja.