Kipeperushi cha kozi hakikuambii mvua inanyesha lini

Julai nilipanda Mgeta na vipima mvua sita mgongoni. Nilikuwa nimetua kutoka Uingereza wiki moja kabla, masomo ya darasani ya uzamili yameisha, na nilikuwa na wiki chache tu za kukusanya data za mmomonyoko wa udongo. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia kabichi alinitazama nikifunga chombo cha kwanza, akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Mwanangu, masika yameisha tangu Mei. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye mitihani.

Kozi nyingi za mwaka mmoja Uingereza huanza Septemba, mitihani huishia karibu na Juni, kisha unaandika tasnifu katika miezi yao ya joto. Kwao huo ndio wakati mzuri wa kwenda shambani. Kwetu ni kiangazi. Ukiacha miteremko ya mashariki, kule Kinole na Tegetero, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, Uluguru ya Julai haina cha kumpa mtu anayetaka kuona udongo ukiteremka na maji. Nikaishia kutumia data za watu wengine kwenye kompyuta. Maksi nilipata nzuri tu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: hakuna aliyeona kwamba sikupima hata tone moja.

Juzi nilikirudia kile kipeperushi kilichonivuta, safari hii nikakisoma kama mhakiki. Lazima nikiri kimeandikwa vizuri. Kuna neno "dunia" karibu kila aya. Kuna picha ya vijana wameketi kwenye nyasi, na mmoja wao lazima awe Mwafrika. Vitenzi vyote viko wakati ujao: utajifunza, utachambua, utaongoza. Lakini kitafute kitenzi kinachosema utakuwa wapi mwezi Machi, hukipati. Moduli ya uhifadhi wa udongo ipo, ila hakielezi kwamba mazoezi yake ni kwenye shamba la mteremko wa kulala kiasi kwamba ng'ombe hachoki. Moduli ya majanga ya maporomoko ipo pia, na pembeni kuna nyota ndogo. Ifuate ile nyota mpaka chini ya ukurasa: hutolewa wanafunzi wakitosha. Mwaka wangu hatukutosha.

Halafu kuna ile sentensi ya kwamba chuo kiko ndani ya mia bora duniani. Hebu jiulize wanapima nini. Orodha ya Shanghai, kwa mfano, huhesabu tuzo za Nobel za walimu na wahitimu wa chuo. Heshima kwao. Ila Februari 1970 mvua ya kama milimita 100 ilishuka Mgeta kwa muda usiofika saa tatu, ikaleta maporomoko zaidi ya elfu moja, na karibu yote yalianzia mashambani na malishoni, machache sana msituni. Kama swali lako ni kwa nini ilikuwa hivyo, Nobel ya fizikia ya mwaka fulani haikuongezei kitu.

Usidhani ni suala la usumbufu wa mwanafunzi tu. Milima hii imeshawahi kulipia elimu isiyoijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata matuta mapana kama benchi. Kitaalamu lilionekana wazo safi: mteremko mkali, kata benchi, maji yatulie. Lakini udongo wenye rutuba hapa ni tabaka jembamba. Ukikata benchi unaufukia ule mzuri na kuanika wa chini usiozaa. Watu wakatoa jasho wakavuna kidogo. Mwaka 1955 vurugu zikalipuka Matombo na mpango ukaachwa. Na huku Mgeta kulikuwa na vituta vyembamba vya ngazi, magugu na mabaki ya mazao yakifukiwa ndani yake, kazi nyepesi zaidi na udongo wa juu haupotei. Wale maofisa hawakuwa wajinga. Walijua miteremko kwa jumla, hawakujua kina cha udongo wa huu mmoja.

Kinyume chake kipo hapahapa mjini. Nenda kampasi ya SUA, kuna shamba la hekta tatu ambako panya shamba wamekuwa wakinaswa, kuwekewa alama na kuachiwa kila mwezi tangu 1994, kazi ya SUA pamoja na Chuo Kikuu cha Antwerp. Wabelgiji hawakuja Morogoro kwa sababu ya orodha yoyote. Panya yuko hapa, na data za miaka mfululizo ziko hapa. Swali ndilo lililochagua mahali. Sisi tunaoomba admisheni hufanya kinyume: tunachagua mahali, kisha tunatafuta swali la kufanana napo.

Najua utaniambia skolashipu ndiyo huamua. Ni kweli, nami niliifuata pesa. Kaka zetu waliotangulia wote walinishauri "we chukua, mengine utayajua mbele". Siwalaumu. Lakini hata ndani ya skolashipu moja kuna kozi zaidi ya moja, na kozi nyingi za Uholanzi na Norway ni za miaka miwili, maana yake una masika mazima mkononi ukipanga mapema. Kabla hujabofya, mwandikie mratibu wa kozi barua pepe ya mistari minne. Muulize tasnifu inaanza mwezi gani. Muulize kama inawezekana kuifanyia nyumbani, na nauli analipa nani. Muulize moduli zenye nyota zilifundishwa mwaka jana au la. Kisha tafuta walimu wa kozi wameandika nini miaka mitano iliyopita, siyo wasifu wao, makala zao. Asipokujibu ndani ya wiki tatu, hilo nalo ni jibu.

Mimi vipima mvua vyangu bado ninavyo. Mwaka huu nilivirudisha Mgeta Februari, na yule mama ndiye anayenisomea namba kila saa moja asubuhi. Kimoja kimeshabebwa na maji.