Kitufe cha Kupandisha, Mzigo Unashuka

Fundi wa jukwaa anabonyeza kitufe cha kupandisha cha winchi, na fremu ya taa inaanza kushuka. Hakuna kilichoungua, wala mota haina kasoro. Jana winchi hiyohiyo ilifanya kazi sawasawa katika ukumbi mwingine. Hitilafu hii huzuka hasa pale jukwaa linapojengwa leo na kubomolewa kesho, na marekebisho yanayokuja upesi kichwani ndiyo ya hatari zaidi.

Nusu ya ujuzi unaohitajika ipo tayari Kanduyi, Bungoma, nchini Kenya. Visiagi vikubwa vya mahindi huendeshwa kwa stima ya fezi tatu, volti 415, na fundi yeyote wa kisiagi anajua kwamba mota ikizunguka kinyume, unabadilisha nafasi za waya mbili kati ya zile tatu nayo inageuka. Ni kweli kabisa, kwani mwelekeo wa mota hiyo hutokana na mfuatano wa fezi. Kwenye kisiagi shughuli inaishia hapo.

Uupeleke sasa ujuzi huo Uwanja wa Masinde Muliro, hapohapo Kanduyi, palipofanyika sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2024. Onyesho katika uwanja kama huo huhitaji jukwaa la muda, na mara nyingi stima hutoka kwenye jenereta. Jenereta ya leo ikiunganishwa kwa mfuatano tofauti na wa jana, kila winchi ya fezi tatu inayolishwa moja kwa moja na stima hiyo inageuka kinyume. Fundi mwenye haraka hufungua kidhibiti cha mkononi na kubadilisha nafasi za waya za vitufe. Kitufe cha juu sasa kinapandisha, na kila mtu anashukuru.

Hapo ndipo balaa linapojificha. Swichi ya kikomo cha juu imeunganishwa kwenye njia ya kontakta (swichi ya umeme inayoiwasha mota) ya kupandisha ili fremu ikifika kileleni, njia ikatike na mota isimame. Baada ya vitufe kubadilishwa, mzigo unapanda kwa kontakta ya kushusha. Swichi inaguswa, inakata njia ambayo haitumiki, na mota inaendelea kuvuta mnyororo hadi kitu kikwame au kikatike juu ya vichwa vya wachezaji. Kwa macho mtambo umepona, kumbe umepokonywa kinga yake.

Kubadilisha waya kwenye mota yenyewe kuna nafuu kidogo: leo vikomo vitafanya kazi, lakini ukumbi unaofuata wenye stima sahihi utaigeuza winchi tena. Mahali pa kurekebisha ni pale stima inapoingilia, kabla ya ubao wa kugawia, na baada ya kupima kwa kipima mfuatano wa fezi. Dalili nyingine inasaidia sana. Winchi zote zikienda kinyume, chanzo ni stima inayoingia. Moja tu ikienda kinyume na wenzake, kagua kebo na plagi yake, na usijaribu tena fremu ikiwa imening'inia, kwa maana itapinda upande mmoja.

Mota inayonguruma bila kuzunguka ni kesi tofauti. Wengi huilaumu mota, lakini mimi ningeanza na fezi iliyokosekana. Pima volti kati ya jozi zote tatu, kabla na baada ya kontakta, mota ikiwa inajaribu kuvuta, kwa sababu kontakta iliyoungua inaweza kuonyesha volti kamili pasipo mzigo kisha ikazipoteza mkondo unapopita. Volti zikiwa sawa, sikiliza breki. Breki ya winchi hubana kwa springi na kuachia kwa stima, hivyo lazima usikie mlio mfupi inapoachia. Usipousikia, mota inapigana na breki yake, na huenda koili au kirekebisha mkondo wake kimekufa. Rilei ya ulinzi ikikata, kamwe usiongeze kiwango chake ili onyesho liendelee.

Kuna pia hitilafu za mawimbi. Mwaka 1993 mandhari ya tamthilia ya muziki Sunset Boulevard katika ukumbi wa Adelphi, London, ilikuwa ikisogea yenyewe, na uzinduzi ukaahirishwa hadi 12 Julai. Ilielezwa kwamba mawimbi ya simu za mkononi yalikuwa yakifungua vali za haidroliki. Kwenye mota, chanzo cha vurugu kama hizo mara nyingi ni kigeuza masafa, ambacho kebo zake hupenyeza kelele za umeme kwenye waya za vihisi zilizolazwa kando yake. Zitenganishe, tumia kebo zenye kinga, kisha uunganishe kinga hiyo na ardhi ipasavyo.

Vyovyote iwavyo, jaribio la mwisho hufanywa fremu ikiwa chini ya kimo cha goti na watu wengine wakiwa mbali. Mtu mmoja ashike kitufe cha kupandisha, mwingine, akiwa kando ya fremu, aiguse swichi ya kikomo cha juu kwa fimbo. Mota isiposimama papo hapo, fremu ibaki chini hadi sababu ipatikane, hata kama watazamaji wameshaketi.