Jina Moja, Njia Mbili

Vitabu vinavyofuatilia majina ya koo za Kizungu vina kasoro moja inayoniudhi: huliona jina kana kwamba ni damu. Chukua jina la Kifaransa Joubert. Pierre Joubert, Mprotestanti wa Provence, alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688, baada ya mfalme Louis XIV kuwanyima watu wa dhehebu lake haki ya kuabudu mwaka 1685. Uzao wake ukawa Makaburu. Piet Joubert akawa jenerali wa Transvaal. Baada ya vita vya 1899-1902 baadhi ya Makaburu walihamia hadi Arusha, jirani zetu sisi wa Karatu.

Léopold Joubert, mzaliwa wa magharibi ya Ufaransa, alikuwa Mkatoliki na askari wa Papa. Aliwalinda Mapadre Weupe kandokando ya Ziwa Tanganyika, akaoa Mwafrika, akafia Kongo mwaka 1927. Orodha ya majina itawaweka hawa wawili ukurasa mmoja kama ndugu. Kumbe wa kwanza aliikimbia dini ileile ambayo wa pili aliishikia bunduki!

Mwiraqw wa Karatu hubeba jina la babaye, na baada ya vizazi vichache la babu limekwisha dondoka. Lakini muulize wazazi wake walitoka wapi: atataja Irqwa Da'aw, na wazee watakurudisha hadi Ma'angwatay. Hapo nasi tusijivune mno. Mke wa Léopold hamo katika jina lile la Joubert, wala bibi zetu hawamo katika majina yetu.