Mizani ya Mhadhara

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu huelezwa, katika juma lake la kwanza, mahali ilipo maktaba, taratibu za mitihani na adabu za bwenini. Lakini ni nadra kumpata mtu wa kumweleza jinsi ya kuupima mhadhara, ingawa elimu atakayotoka nayo baada ya miaka mitatu au minne itategemea sana uwezo wake wa kutambua ni ipi saa iliyomnufaisha na ni ipi iliyompitia bure. Upungufu huo huo humpata na mhadhiri, ambaye huajiriwa kwa shahada na maandishi yake, akapewa ubao na ukumbi, kisha akaachwa ajihukumu mwenyewe kwa vipimo asivyopata kuvichunguza. Mwongozo huu umekusudiwa kuwafaa wote wawili, na asili yake ni kanuni moja ambayo nimeishika kwa muda wote niliokaa, kwanza katika viti vya wasikilizaji na baadaye mbele ya ubao: kwamba mhadhara hupimwa kwa kazi inayofanywa na akili ya msikilizaji, na kila sifa nyingine, iwe ufasaha, iwe wingi wa maarifa, iwe haiba ya msemaji, ina thamani kwa kadiri inavyoisukuma kazi hiyo.

Yafaa kwanza tuziweke kando dalili za uongo, kwa sababu ndizo zivutiazo zaidi. Ya kwanza ni ufasaha. Msemaji mwenye sauti nzuri na lafudhi safi, ambaye ibara zake hufuatana bila ya kukwama, humpa msikilizaji raha ambayo ni rahisi kuidhania kuwa ni fahamu. Naye mwanafunzi hutoka ukumbini ameridhika kabisa, ilhali kazi yote ya kufikiri imefanywa na mtu mwingine mbele ya macho yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika madarasa ya fizikia: wanafunzi walioshughulishwa, wakayahangaikia masuala wenyewe kabla ya kuelezwa, walijifunza zaidi kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara laini wa mwalimu hodari, na juu ya hayo, hao waliojifunza zaidi ndio walioona kuwa wamejifunza kidogo. Basi mwenye kupima asiiamini raha yake peke yake, wala asiharakishe kumlaumu mwalimu kwa uzito alioupata, kwani huenda akili yake ilikuwa kazini.

Dalili ya pili ya uongo ni wingi wa maandishi. Wako wahadhiri wasomao slaidi zao neno kwa neno, na wako wanafunzi wahesabuo kurasa walizozijaza kuwa ndiyo faida ya siku. Pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi huyaita madesa yale makaratasi ya maelezo yanayorithiwa mwaka hadi mwaka na kutolewa vivuli mpaka herufi zake zikafifia; na kushamiri kwake ni ushahidi mkali, kwani ikiwa desa la mwaka juzi latosha kumvusha mtu katika mtihani wa mwaka huu, basi halikusemwa ukumbini neno lolote lililomlazimu mtu kuhudhuria.

Alama ya kwanza ya kweli ni swali, nayo huonekana mapema. Tuseme mada ya siku ni ule mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwaka 1947, makao yake makuu yakiwa Kongwa, na ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Mhadhiri mmoja ataanza kwa kusema kwamba leo tutazungumzia mpango wa karanga, asili yake, maendeleo yake na mwisho wake; na wanafunzi wataandika vichwa hivyo vitatu, kisha watangoja kujazwa. Mwingine atauliza: ilikuwaje serikali yenye fedha, matrekta na wataalamu ishindwe kuotesha karanga katika nchi ya Wagogo, ambao kwa vizazi vingi walikuwa wameishi na mvua ile isiyoaminika na udongo ule unaokakamaa wakati wa kiangazi? Katika mhadhara huu wa pili kila habari itakayofuata, tarehe, takwimu au jina la mtu, itapokelewa na akili iliyokwisha kuwa na haja nayo. Ikiwa robo saa imepita na msikilizaji makini hawezi kulitaja swali linalotafutiwa jawabu, pana kasoro, na kasoro hiyo haiponywi na chochote kitakachosemwa baadaye.

Alama ya pili ni mpango wa hoja. Mhadhara bora huwa na dhana inayosimamishwa, dalili zinazoiunga mkono, na pingamizi linalopewa haki yake. Na hapa ndipo bingwa anapotofautiana na mwenye kubahatisha, kwa kuwa mtu dhaifu humletea mpinzani wake hoja nyepesi ili amshinde upesi, ilhali bingwa humwazima mpinzani hoja iliyo nzito kuliko zote, hata wasikilizaji wakaanza kuingiwa na shaka, ndipo ajaribu kuijibu. Katika mfano wetu, hatatosheka kuilaumu mvua. Atawauliza wanafunzi mbona kosa la mvua halikugunduliwa kabla ya matrekta kununuliwa, na jawabu litawatoa katika jiografia na kuwaingiza katika siasa ya dola iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Afrika Mashariki imepata kuyaona hayo hadharani, pale wahadhiri wawili, Walter Rodney wa chuo cha Dar es Salaam na Ali Mazrui wa chuo cha Makerere, waliokuwa na mitazamo iliyo mbali mno, walipokabiliana kwa mjadala huko Makerere mwaka 1970. Waliowasikiliza hawakuwa na budi kuzipima hoja za kila mmoja kwa kuzikabilisha na za mwenziwe, na mhadhiri aliye peke yake ukumbini hana budi kuzibeba pande zote mbili yeye mwenyewe.

Alama ya tatu ni kimya kinachofuata swali la mwalimu. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alionyesha, katika miaka ya 1970, kwamba waalimu aliowachunguza walingoja kwa wastani sekunde 1 hivi baada ya kuuliza, kisha wakajijibu wenyewe au wakamgeukia mwingine; na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, hoja zake zikaongezeka, na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Kwa hiyo anayepima mhadhara na atazame kile kimya: je, mwalimu anakistahimili, au anakikimbia? Atazame vilevile adabu ya kuuliza. Tangu Christopher Columbus Langdell alipoanza, mwaka 1870, kufundisha sheria huko Harvard kwa kuwahoji wanafunzi juu ya hukumu walizozisoma, badala ya kuwasimulia kanuni, njia hiyo imeenea katika shule nyingi za sheria, na imetoa wanasheria wenye akili kali. Lakini imezaa pia waalimu wanaolitumia swali kama fimbo ya kufedhehesha. Swali jema humwacha aliyeshindwa kulijibu akiwa na hamu ya kurudi maktaba, na lile la fedheha humfanya atafute kiti cha nyuma zaidi juma lijalo.

Alama ya nne, nami naiona kuwa nzito kuliko zote, ni jinsi kosa linavyopokewa. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alikuwa akisifiwa na wanafunzi wake mpaka alipowapa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, masuala mepesi ya kupima fahamu, kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma jingine kwa nguvu zaidi? Nguvu zao ni sawa. Hivyo ndivyo kanuni ya Newton isemavyo, nao wanafunzi walikuwa wameihifadhi. Lakini wengi walikosea, ingawa waliweza kufanya hesabu ndefu za mitihani. Tangu hapo Mazur akawa anauliza swali katikati ya mhadhara, kila mwanafunzi akachagua jawabu lake, kisha akajadiliana na jirani yake aliyechagua tofauti, ndipo wakachagua tena; hivyo kosa likawa mwanzo wa mjadala. Njia hii haihitaji darasa dogo, na hilo ni jambo kubwa kwetu: chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15, ilhali leo mhadhiri hukabili mamia katika ukumbi mmoja, naye hutoa wingi huo kuwa udhuru wa kusema peke yake saa nzima. Udhuru huo una upungufu. Tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati zilipokusanywa pamoja mwaka 2014, ilionekana kwamba katika mihadhara ya kusikiliza tu walianguka wanafunzi 34 hivi katika kila 100, na katika madarasa ya kushughulishwa walianguka 22 hivi.

Alama ya tano inahusu lugha, na katika nchi zetu haiwezi kuachwa. Katika vyuo vya Tanzania, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na machache mengineyo, mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, na wengi tumeyashuhudia haya: swali linaulizwa ukumbini, watu mia mbili wananyamaza, saa inakwisha, wanatoka nje, na chini ya miti mjadala wa swali lile lile unawaka kwa Kiswahili, wenye hoja, pingamizi na mifano. Mhadhiri mwenye busara hufanya tadbiri ili mjadala ule uingie ndani, kwa kuwaacha majirani washauriane kwa lugha waliyo nayo kabla ya mmoja wao kusimama na kujibu. Mwenye kupima asisikilize ukumbini tu; atoke pamoja na wanafunzi, asikie wanazungumza nini. Wakiendelea kubishana juu ya somo, hata kwa hasira, mhadhara umefanya kazi yake.

Semina ina mizani yake. Humo kosa la kawaida ni kwamba kikundi kinasoma karatasi yake, wenzao wanapiga makofi, na mwalimu anatoa maksi, bila ya mtu yeyote kubadili rai. Semina njema hutambulikana kwa ishara tatu: wanafunzi wanajibizana wao kwa wao pasipo kila neno kupitia kwa mwalimu, mtu anarejea kitabu, anataja ukurasa, na hoja yake inabadilika kwa alichokisoma, na mwalimu, aliye na jawabu tayari, anajizuia kulitoa mpaka litakapokuwa limetafutwa vya kutosha. Hapa sehemu kubwa ya hukumu humwangukia mwanafunzi, kwa kuwa hakuna ustadi wa mwalimu unaoweza kuiokoa semina ambayo waliohudhuria hawakusoma.

Alama ya mwisho huja kwa kuchelewa. Katika darsa za misikitini za pwani yetu, Lamu na Unguja, mwanafunzi husoma matini mbele ya shekhe, na shekhe humkatiza, akamsahihisha na kumfafanulia. Na ijaza, yaani idhini ya kusomesha, hutolewa pale anapothibitika kuwa amekishika kitabu kiasi cha kuweza kukisomesha. Kipimo hicho chafaa hata leo: mhadhara bora humwezesha aliyeusikiliza kusimama mbele ya mwalimu wake na kumjadili. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa fani ya sheria pale Mlimani, aliandika katika jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche, ambalo lilipigwa marufuku mwaka huo huo, insha ndefu juu ya matabaka katika Tanzania; wahadhiri waliisoma, wakaijibu kwa maandishi, Rodney akiwa mmoja wao, na insha ikachapishwa kitabu mwaka 1973 pamoja na majibu hayo. Waalimu kuijibu hoja ya mwanafunzi kama waijibuvyo ya mwanachuoni mwenzao ni daraja ya juu kabisa ambayo darasa laweza kuifikia.

Basi anayetaka kuitumia mizani hii na afanye hivi. Baada ya mhadhara afunge daftari, aandike kwa maneno yake swali la siku, hoja iliyosimamishwa, na pingamizi zito kuliko yote. Akishindwa, ajiulize kwanza kama alikuja amesoma, ndipo amhukumu mwalimu. Arudie zoezi hilo baada ya juma moja, kwa kuwa yaliyobaki wakati huo ndiyo yaliyoingia. Mhadhiri naye amwalike mwenzake anayemwamini aketi safu za nyuma, asimtazame yeye, awatazame wanafunzi. Kisha mhadhiri mwenyewe achukue majibu ya mtihani na kuyasoma kwa nia ya kujua mawazo yake yamechukua sura gani humo. Na chuo kinachotaka kuijua hali yake kiwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho suala ambalo halikupata kufundishwa katika ukumbi wowote, kisha kitazame wanalianzia wapi, wanatafuta dalili gani, na wanapokosea wanajisahihisha vipi.