Kufuli Tatu za Kikoba

Ukimuuliza mtu anayeishi kwa kipato cha siku kwa nini haweki akiba, atakwambia hakuna kinachobaki. Anasema kweli, lakini nusu. Mama lishe anayefunga biashara jioni mara nyingi ana elfu mbili isiyo na kazi usiku ule. Ikifika Jumatano imeshakuwa vocha, nauli ya mgeni na dawa ya mtoto wa jirani. Hakuna alichofuja, na ndiyo maana ushauri wa kupunguza matumizi humpita kando: hana soda ya kuacha wala king'amuzi cha kusitisha. Anachokosa ni mahali pa kuiweka elfu mbili hiyo isiweze kutoka hata yeye mwenyewe akiitaka. Leo nataka kuchambua chombo kimoja kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, sanduku la kikoba (kikundi cha majirani wanaoweka akiba na kukopeshana), na hesabu inayofanyika ndani yake.

Kabla yake kulikuwa na kibubu na upatu. Kibubu kina tundu la kuingizia na hakina mlango wa kutolea, ila nyundo iko uvunguni na mwenye kibubu ndiye mwenye nyundo. Upatu ulikuwa bora zaidi kwa sababu uliongeza mashahidi. Watu kumi wanachanga, mmoja anabeba, wiki inayofuata zamu ya mwingine. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Wa mwisho amewekeza kwao muda wote huo bila kuongezewa hata senti. Kila mtu analijua hilo, na ndiyo maana siku ya kupanga zamu haikosi maneno. Sifa kubwa ya upatu ni kwamba fedha hailali: inaingia na kutoka siku ile ile, hivyo hakuna cha kuibiwa wala cha kuandika. Lakini mtoto akiugua wiki ya tatu na zamu yako ni ya tisa, upatu haukujui. Na aliyebeba mapema akihama mtaa, watu watapiga hodi kwa kijumbe, yule anayekusanya michango.

Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kazi na wanawake wa Maradi, kusini mwa Niger, ambao tayari walikuwa na michezo yao ya kupokezana. Mradi ule, uliopewa jina la Kihausa Mata Masu Dubara, haukuja na fedha za kukopesha. Ulibadilisha jambo moja tu: mchango usibebwe siku ile ile, ubaki, ukopeshwe kwa wanachama wenyewe, na mwisho wa mzunguko ugawanywe pamoja na faida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu huo ukafika Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ambako kuulinda msitu kulihitaji wenyeji wawe na njia nyingine ya kipato. Bara ukaenea kwa jina la VICOBA, na leo ni shida kupata mtaa wa Dar es Salaam usio na kikoba.

Ila fedha ikishabaki, inataka mlinzi, na anayelindwa dhidi yake ni mwanachama mwenzako. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Sanduku lenyewe ni la chuma, kazi ya fundi yeyote wa kuchomelea, lenye pete tatu za kufuli. Funguo wanashika watu watatu, na wote watatu si viongozi. Mwenyekiti hana ufunguo. Katibu hana. Anayelala na sanduku nyumbani kwake hana pia. Ili sanduku lifunguke nje ya mkutano lazima watu wanne wale njama, na hao wanne kwa kawaida wanatoka nyumba tofauti na wana sababu tofauti za kutoaminiana. Watu husema kikoba kinaendeshwa kwa uaminifu. Mimi naona kinyume: aliyeuunda mfumo huu alidhani kila mmoja anaweza kuiba, akaupanga hivyo, na kwa sababu hiyo majirani wanaweza kukaa mkeka mmoja bila kuogopana.

Tazama mkutano unavyokwenda. Wanachama wanakaa kwa mpangilio wa namba zao. Kufuli zinafunguliwa, na kabla fedha haijaguswa mwenyekiti anauliza: mara ya mwisho tulifunga na shilingi ngapi? Wanajibu kwa pamoja, kwa kichwa, kwa sababu kiasi hicho walikikariri wakati wa kufunga. Wahesabu fedha wawili wanamimina na kuhesabu kwa sauti. Zikilingana, mambo yanaendelea. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na magonjwa, una kitambaa chake na jumla yake, nao unahesabiwa peke yake. Mwanachama asiyejua kusoma ana nguvu sawa na katibu hapa, maana ushahidi umo vichwani mwa wanachama wote.

Kisha namba zinaitwa. Namba saba anasogea na kuweka elfu sita. Hisa ni elfu mbili, kwa hiyo amenunua tatu. Mhesabu wa kwanza anahesabu, wa pili anahakiki, katibu anagonga mihuri mitatu kwenye kitabu chake. Mstari wa kila wiki una visanduku vitano. Viwili vilivyobaki vinapigwa msalaba hapo hapo, mwenyewe akiona. Kati ya ulinzi wote wa kikoba, msalaba huo ndio unaonifurahisha zaidi. Kisanduku kikiachwa wazi, mtu anaweza kukigonga muhuri baadaye na kudai hisa ambayo hakuilipia. Vitabu navyo havirudi nyumbani; vinafungiwa sandukuni na fedha.

Bei ya hisa ndiyo uamuzi mgumu kuliko wote, na vikundi vingi vinaukosea siku ya kwanza, kwa aibu tu. Mwenye duka anapendekeza elfu kumi, na nani atasimama mbele ya majirani aseme hana? Wanakubali wote. Mwezi wa pili watu wanaanza kutuma mwakilishi, mwezi wa nne wanakopa ili wanunue hisa. Kipimo sahihi ni hiki: mwanachama mwenye hali ya chini kuliko wote aweze kununua hisa moja katika wiki yake mbaya, ile ya masika ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri na chapati zimebaki. Mwenye nazo ana nafasi ya kununua hadi tano. Kima cha chini kinambakiza mnyonge ndani, kikomo cha juu kinamzuia tajiri kukigeuza kikundi mali yake.

Bodaboda walio kwenye mkataba wanaujua mtindo huu wa kuifungia fedha kidogo kidogo kwa jina lingine. Dereva anapeleka hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki, na muda wa mkataba ukiisha pikipiki ni yake. Hakuna anayeiita akiba, na wengi wao watakuapia kwamba kuweka akiba hawawezi.

Sasa hesabu. Tuseme kikundi kina watu 20, hisa ni shilingi 2,000, wiki ni 48, na kwa wastani kila mtu amenunua hisa mbili na nusu kwa wiki. Mwisho wa mzunguko kuna hisa 2,400, yaani shilingi 4,800,000. Tuseme tena kwamba kwa miezi 10 kulikuwa na mikopo ya wastani wa shilingi 960,000 mikononi mwa watu, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Riba iliyokusanywa ni 960,000. Jumla ni 5,760,000. Gawa kwa hisa 2,400, kila hisa inatoka na 2,400. Ulinunua kwa elfu mbili, unarudishiwa na mia nne juu.

Mgawanyo huu una kasoro ya makusudi. Hisa ya wiki ya kwanza imefanya kazi karibu mwaka mzima. Ya wiki ya 48 haikufanya kazi yoyote. Zote zinalipwa sawa. Mhasibu atakunja uso. Lakini ukitaka kumlipa kila mtu kulingana na siku ambazo fedha yake ilikaa, unahitaji kikokotoo na mtu mmoja anayekielewa, na wengine 19 watalazimika kumwamini. Tena kikomo cha hisa tano kinaibana kasoro hiyo. Mjanja akinunua tano tano katika wiki nne za mwisho, amejipatia hisa 20 na faida ya shilingi 8,000. Kikundi kimeridhika kupoteza hiyo ili kila mtu aweze kukagua mgao kwa kichwa chake.

Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ingetamkwa na benki, watu wangeandamana. Kwa kulinganisha, huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na hiyo nayo si ndogo. Tofauti ni riba inakokwenda. Ya kwenye simu inaondoka mtaani moja kwa moja. Ya kikoba inarudi kwenye mgao, ila hairudi kwa usawa, na hapa wanachama wengi hawaoni vizuri.

Mrudie namba saba. Hisa tatu kila wiki kwa wiki 48 ni hisa 144, shilingi 288,000. Kwenye mgao anapokea 345,600: faida 57,600. Katikati ya mwaka alikopa 200,000 kwa miezi mitatu (kanuni inamruhusu hadi mara tatu ya hisa zake) na akalipa riba ya 60,000. Akipiga hesabu ya haraka anaona mkopo umemgharimu shilingi 2,400 tu, karibu bure. Sivyo. Namba kumi na mbili alinunua hisa 144 zile zile, hakukopa hata mara moja, na anaondoka na 57,600 nzima. Mkopo wa namba saba uligharimu 60,000, na sehemu yake kubwa imeingia kwenye vitabu vya wenzake. Kama fedha ile ilinunua mkaa kwa gunia naye akauuza kwa kopo, mtaji ukizunguka kila wiki, alikwisha kuirudisha 60,000 zamani. Kama ilinunua makochi au ilichangia harusi, yeye ndiye aliyemlipa namba kumi na mbili.

Kuna vikundi visivyotoza riba kabisa, hasa wanachama wanapoona dini yao hairuhusu. Huko hisa inarudi ilivyoingia, na faida pekee ni kupata fedha ya pamoja siku moja. Kwa mtu anayenunua mafuta ya kupima na sabuni ya kipande mwaka mzima, hiyo si faida ndogo.

Panapobomoka ni upande wa mikopo. Kikundi chenye fedha nyingi ndani huanza kulalamika kuwa pesa imelala, kisha hupitisha kanuni kwamba kila mwanachama lazima akope ili faida ipatikane. Mama ambaye hakuhitaji chochote anapewa laki, anaila, kisha anaingia kikoba cha pili ili alipe cha kwanza. Akikwama kwenye viwili anakimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mwisho wake unajulikana mtaani: wanachama wanakuja na gari ndogo kubeba friji. Kukopeshana kwa lazima sioni utetezi wake wowote. Chombo kilichoundwa kuizuia fedha isitoke kimegeuzwa kumsukuma mtu achukue deni.

Dawa iliyomo ndani ya mfumo wenyewe ni tarehe ya mwisho. Mikopo yote lazima irudi kabla ya mgao, sanduku linamiminwa, kila kitu kinahesabiwa na kubaki sifuri. Kosa au wizi wa mwaka huu hauwezi kujificha ndani ya mwaka ujao. Vikundi vinavyoahirisha kuvunja, kwa hoja kwamba mfuko ukikua watanunua kiwanja, vinatupa ukaguzi mkubwa kuliko wote vilio nao. Tarehe nayo ichaguliwe kwa matumizi: wapo wanaovunja Desemba kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari, wapo wanaovunja kabla ya Ramadhani, na wakulima hutazama mbegu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviingiza vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, na usimamizi wa karibu uko kwa halmashauri. Kisha ikaja simu. M-Koba, iliyoanza Tanzania mwaka 2019, inaweka mfuko wa kikundi kwenye mtandao, na fedha haitoki mpaka wahusika zaidi ya mmoja waidhinishe. Kufuli zimebadilika umbo, na hatari ya mwizi wa usiku imepungua sana, hasa miezi ya mwisho sanduku linapokuwa na mamilioni. Kilichobaki kwa kikundi kuamua ni kama bado watakutana. Mchango unaotumwa ukiwa kitandani hauna anayeona kwamba namba saba wiki hii ameleta hisa moja badala ya tatu, na kumuuliza mapema kulikoni.

Kuna uamuzi mmoja unaofanywa siku ya mgao, na mpangilio wake una maana. Kabla ya mtu kupokea chochote, kikundi kinakubaliana kila mmoja ataacha hisa ngapi za kuanzia mzunguko mpya, na zinakatwa hapo hapo juu ya mkeka. Wakisubiri wiki inayofuata, nusu watakuwa wamemaliza.