Kucha Kumi na Nane

Mbwa wengi wa Asembo Bay hawajui mkasi. Wanashinda kutwa kati ya boma na ufuo wa ziwa, wakifuata harufu ya omena walioanikwa juani, na mawe ya njiani yanawasaga kucha bila malipo. Simba alikuwa hivyo. Siku hizi amezeeka, hulala chini ya mwembe, na akipita kwenye sakafu ya saruji unamsikia kabla hujamwona: tik, tik, tik.

Mwenye Simba, jirani yangu aliyestaafu uvuvi, haipuuzi sauti hiyo. Kucha zikifikia chini mbwa akiwa amesimama, husukuma vidole juu, na mwendo wake wote huharibika. Basi jioni, jua likiwa bado na nuru ya kutosha, anaketi kwenye kigoda. Kando yake kuna mkasi wa kucha za mbwa, tupa aliyokuwa akinolea ndoana za mbuta, na kisahani cha unga wa ngano.

Mkasi haugusi kwanza. Anaupapasa mguu mpaka ulegee, akinong'ona kwa Kijaluo "mos mos", yaani polepole. Kisha anashika kidole kimoja na kukata ncha tu, kipande chembamba kama gamba la ngege. Anainama, anatazama palipokatwa. Pakiwa pakavu, peupe kama chaki, anaongeza kipande kingine. Kikitokea kidoa cheusi chenye unyevu katikati, anaacha papo hapo, kwani nyuma yake kuna nyama yenye damu na mishipa ya fahamu. Kwa ukucha mweupe nyama hiyo huonekana, ina rangi ya waridi. Kucha za Simba ni nyeusi tii, na kidoa ndicho ishara pekee.

Ukucha wa pembeni, ule wa juu ya mguu wa mbele, hausahau kamwe. Huo haukanyagi chini, kwa hiyo hata mbwa mzururaji mawe hayamsaidii. Ukiachwa hujikunja ukarudi kuchoma nyama.

Siku moja nilijaribu mimi, nikakata pakubwa. Damu ikatoka. Mzee akachovya ukucha kwenye unga, akaubana dakika chache, ikakauka. Hakunigombeza. "Ulitaka kumaliza, nyathina," akasema tu. Nami nilikuwa nimeona zimerefuka, nikataka kuzifupisha zote mara moja. Kumbe ukipunguza kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa, nyama ya ndani nayo hurudi nyuma yenyewe.

Jana alifika ukucha wa 16. Simba akapiga mwayo, akajilamba midomo, akavuta mguu. Mzee akaweka mkasi chini, akampa omena wawili wakavu.

"Mzee, zimebaki mbili."

"Naziona. Kesho nitahitaji mguu huu tena."

Simba akajilamba, akarudi mwembeni polepole. Hakukimbia.